Bunduki ya Baba na Msamaha wa Ami

Watu wa Mji wa Kale wananiambia nimsamehe. Wananiambia msikitini, wananiambia kwa kinyozi, na mmoja alinifuata mpaka ofisini kwetu karibu na bandari, mahali ninapofanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani, akanikalisha kitako kama mtoto anayetahiriwa. Nawasikiliza wote. Wakimaliza nawauliza kama wanakunywa chai au kahawa. Simsamehe, na sina haja ya kujitia nimemsamehe.

Nilimwita ami tangu sijajua kufunga vifungo vya shati, ingawa hakuwa ndugu yake baba. Alikuwa rafiki yake, mwenye duka la leso Biashara Street. Kila siku baada ya sala ya alasiri walikaa barazani kwetu Kuze, wakanywa kahawa chungu na kuwasengenya wakubwa wa serikali mpaka jua likapungua. Mama alikuwa akiwapelekea kashata. Ami alikuwa msemaji, baba msikilizaji, na wote wawili waliridhika na kazi zao.

Baba alikuwa mlinzi bandarini mpaka akastaafu. Asili yetu ni Kwale, na shamba la babu lilibaki mikononi mwake: minazi, mihogo, mahindi kidogo, na nyani wengi kuliko mahindi. Kwa ajili ya hao nyani aliomba leseni ya bunduki ya marisau, yenye mitutu miwili, na kitako cha mti mwekundu kilicholika rangi pale shavu lake lilipokuwa likiegemea. Aliifungia katika kabati la chuma lililokomelewa ukutani. Risasi zilikaa kabati jingine. Funguo zilikaa kiunoni mwake, kuoga na kulala. Mama alizoea kusema ameletewa mke mwenza wa chuma, na baba alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza ausikie mzaha ule.

Kisha ami akaacha kuja. Ilikuwa baada ya arusi ya kitinda mimba wake. Baba alikwenda arusini, akala pilau, akarudi mapema, na tangu siku ile nafasi ya ami barazani ikarithiwa na paka. Tulimuuliza baba kuna nini. Alisema, "Hakuna kitu. Watu huchokana." Mama alimuuliza mara nyingi zaidi yangu na hakupata zaidi ya hilo. Baba alikuwa na tabia hiyo ya kumeza maneno ya watu na kukaa nayo tumboni.

Miaka ilipita, kisha akafa kwa moyo, ghafla, akiwa anavaa viatu.

Kwetu maiti akishasaliwa, kabla hajabebwa kwenda makaburini Kikowani, mwenye msiba husimama akawaomba watu: kama marehemu alimkosea yeyote, msameheni, na mwenye haki yake aje kwetu wanawe. Watu hujibu kwa pamoja, "Tumemsamehe." Sauti huwa moja na hakuna anayejitenga. Mwenye lake hukuvuta pembeni siku nyingine, faraghani, mkamalizana. Kila mwanamume wa mji huu anaijua adabu hiyo, wala hafundishwi.

Nilisimama mimi, mtoto wa kiume mkubwa. Nikayasema maneno hayo. Watu wakajibu, tumemsamehe. Nilikuwa nishageuka kushika jeneza. Ndipo ami, safu ya mbele, kanzu nyeupe pepepe, akangoja kimya kikae vizuri, akasema peke yake kwa sauti ya mtu aliyeonewa:

"Na miye nimemsamehe. Lile alonitenda, nimemwachia Mola."

Vichwa viligeuka. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa ameshika mti wa mbele wa jeneza alimtazama ami, akanitazama mimi, akainamisha macho. Tulimbeba baba kwenda kaburini, na lile neno likatufuata nyuma.

Lile lipi? Hata matanga hayajaondolewa, mji ulikuwa na majibu. Wengine walisema shamba la Kwale lilikuwa la ami na baba alimdhulumu. Wengine walisema ni amana ya mayatima. Lakini lililoganda ni la tatu: mwanamke. Ati baba alikuwa na mwanamke huko Kwale, na ati alimpokonya ami, au ami ndiye aliyewafuma, ilitegemea nani anasimulia. Mtu mzima anayesali safu ya mbele hasamehi jambo dogo mbele ya jeneza. Ndivyo watu walivyopiga hesabu zao, na siwalaumu sana. Ningekuwa mtu wa nje, na mimi ningepiga hesabu hiyohiyo.

Mama alikuwa ameshaingia eda. Hatoki, havai rangi, hajipaki hata wanja, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake haonani naye. Wanawake walikuja kumliwaza, na baadhi yao, kwa sauti nyororo za kutaka kujua kama amekula, walimletea yale ya mtaani. Hakuna aliyemwambia waziwazi. Walimwambia avumilie, wanaume ndivyo walivyo, na sasa keshakwenda zake.

Jioni moja nilikuwa namchujia maji ya tangawizi. Akaniuliza akiwa ameupa ukuta uso.

"Baba yako alikuwa akilala shamba Jumamosi."

"Ndiyo mama. Kwa ajili ya nyani."

"Nyani usiku hulala, sivyo?"

Niliendelea kuchuja. Kwa kweli nyani usiku hulala. Nilimwambia kuna nguruwe mwitu pia, nao hutembea usiku, naye akasema "Haya," na hiyo haya yake ilinikata. Mwanamke aliyekaa na mume mmoja tangu usichana, sasa amefungwa ndani na kuta nne, hawezi kwenda Kwale kuangalia kwa macho yake, hawezi kumkabili aliyesema, hawezi kumuuliza aliyekufa. Kazi yake ni kukaa na kuhesabu Jumamosi. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia ami kwa roho yangu yote. Nililala nayo chuki ile na kuamka nayo, na ilinipa nguvu kuliko chakula.

Nilimwendea dukani. Nilimkuta anawakunjulia leso wateja wawili, mabibi wa makamo. Nilimwomba tuzungumze nyuma. Hakunyanyuka.

"Mwanangu," alisema, na kuhakikisha mabibi wanasikia, "miye nishasamehe. Mtu akisamehe hafukui. Mwache babako apumzike."

Mabibi wakamwitikia kwa huzuni, wakanitazama mimi kama niliyekuja kudai urithi. Nikatoka. Yaani alinitia aibu mimi, katika duka lake, kwa wema wake. Tangu siku hiyo sikumwita tena ami usoni mwake.

Bunduki haikuwa nyumbani, na huenda ikawa ni heri. Sheria haina mchezo: mwenye leseni akifa, silaha yake haikai kwa wanawe hata kwa ukumbusho. Mara tu baada ya maziko niliipeleka, kwa kibali cha polisi, kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa ili aihifadhi mpaka apatikane mtu mwenye ruhusa ya kuinunua. Muuzaji mwenyewe ni mama wa bara, Mkristo, mjane kama mamangu, aliyeletwa Mombasa na kazi ya mumewe ya reli na akabaki. Duka lake halina kibao kikubwa. Unagonga, unatazamwa kwa tundu, ndipo unafunguliwa.

"Pole, lakini soko limelala," aliniambia siku ya kwanza, akanionyesha rafu nyuma ya vyuma. "Hii ni ya marehemu. Hii ya marehemu. Hii mwenyewe amehamia kwa bintiye Ulaya. Anayetaka silaha siku hizi anataka bastola ya kuficha kiunoni. Nani anataka kutembea na kitu kirefu hivi? Na ruhusa zenyewe zimekuwa ngumu, mtu anachunguzwa mpaka mambo ya shule ya msingi."

Niliizoea njia ya duka lile. Nilikuwa nikipita baada ya kazi kuuliza. Alikuja mkulima mmoja wa Taita, akaiangalia, akasema mitutu imechoka. Alikuja tajiri mmoja kijana akitaka kuitundika sebuleni, akaambiwa haitundikwi sebuleni, akaondoka. Wanunuzi ndio hao tu. Mama yule aliishusha bei mara mbili kwa idhini yangu, na mara ya pili niliona haya kuitaja nyumbani. Kila nilipokwenda alikuwa ameipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Alisema bunduki ikiachwa na hewa ya bahari hula kutu upesi.

Ndipo siku moja akaniambia, "Yuko mtu. Anaitaka hiyohiyo, hataki nyingine. Amepewa idhini ya awali, kilichobaki ni majirani wa shamba lake waseme ni mtu wa kuaminika. Ana shamba Kwale, linapakana na lenu. Nadhani mnajuana."

Alikuwa yeye, mwenye duka la leso. Nilicheka mpaka yule mama akaniuliza kama ni mzima. Nilikuwa mzima sana. Tangu msiba sikupata siku nzuri kama ile. Bunduki mpya ilikuwa mbali na uwezo wake, nyani wanammaliza, na nilijua kwa kumjua kwamba ameshajigamba kwa majirani kuwa ile ya marehemu itakuwa yake. Soko lililolala lilikuwa limeniletea mteja mmoja tu, na mteja mwenyewe ndiye huyo.

Aliniita tukutane Mama Ngina, kule ufukweni, jioni, watu wamejaa ukutani wakitazama meli ikiingia. Aliagiza mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, akanisogezea ya kwangu, akaanza kwa kunisifu.

"Masalkheri, mwanangu. Mamako yu hali gani?"

"Yuko edani, mzee."

Lilimgusa hilo la mzee, nikaona. Akajikaza. Akaniambia kwamba soko limelala, kwamba ile bunduki nitaozea nayo, kwamba yeye ataichukua kwa sababu ya udugu, akataja na bei yake. Nikamwacha aseme mpaka mihogo ikapoa.

"Bei sina ugomvi nayo," nilimwambia. "Nitakuuzia kwa hiyohiyo uliyoitaja. Lakini kwanza uje barazani kwetu Ijumaa baada ya alasiri, mbele ya watu walewale waliokuwa maziko, useme baba alikutenda nini."

Alitafuna kwa muda mrefu kitu ambacho hakikuwamo mdomoni.

"Ni jambo dogo, mwanangu."

"Basi halitakuwa zito kulisema."

"Nitakwambia hapa, sasa hivi, likaisha."

"Usiniambie mimi. Siku ile hukuniambia mimi."

Aliondoka bila kuniaga. Nilikula mihogo yangu na yake. Nilijua atakuja, maana bunduki ile ilikuwa imeshamwingia kichwani. Zilipita Ijumaa kadhaa. Alimtuma mtu, nikamrudisha. Alimpigia simu mama wa silaha kuuliza kama mwana wa marehemu ana haki ya kuweka masharti, akaambiwa mwenye mali ni mwenye mali. Mwisho akaja.

Niliwaalika watu kwa kahawa tu, sikuwaambia zaidi. Alikuwapo yule mzee aliyeshika jeneza. Walikuwapo pia majirani wawili wa shamba, watu wetu wa Kwale wanaofanya kazi mjini, waliokubali kumtolea ushahidi mwema kwa ajili ya leseni. Baraza yetu imeshikana na mlango, na mlango una pazia. Nilimwambia mama akae nyuma ya pazia na asikilize. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia akae tu.

Ami alikuja na kanzu yake na uso wa mzaha, akataka lipite kama soga.

"Yuwataka niseme lile langu na babake," alianza. "Haya. Ilikuwa arusi ya mwanangu. Nalimtaka marehemu anipe ile bunduki siku moya. Bwana arusi akingia mtaani, ipigwe juu mara mbili, kama arusi za kale. Nalikuwa nishawambia wakwe zangu, nishajitwika kitwani. Akakataa. Akanambia leseni ni ya shamba na ina jina lake. Nikamwambia, basi njoo uipige weye. Akakataa. Akanivundia heshima mbele ya wakwe. Ni hilo."

Watu walingoja aendelee.

"Ni hilo tu?" akauliza mzee wa jeneza.

"Ni hilo."

"Tena hilo ndilo ulilomsamehe mbele ya maiti yake?"

Ami akaisogeza kofia yake. Mmoja wa majirani wa shamba akaweka kikombe chini.

"Hapa Kuze ndipo ulipotaka ipigwe? Na watoto wamejaa ndiani?"

"Juu, yakhe. Juu."

"Marisau yakenda juu, yashuka wapi?"

Nilikuwa nafurahi. Sitasema uongo. Nilimtazama jasho likimtoka chini ya kofia na nikafurahi mpaka kwenye vidole vya miguu. Baba alikuwa amebeba ule ujinga wa rafiki yake miaka yote ile, hakumwambia mkewe, hakumwambia mwanawe, ili mwenziwe asichekwe, na malipo yake yakawa kupakwa matope akiwa hawezi kujibu. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie hayo. Sauti ya mama ikanitangulia, kutoka nyuma ya pazia, ya chini kabisa.

"Kwa hiyo hapana mwanamke."

Ami aligeuka. "Mwanamke gani?"

Na uso wake ulikuwa mtupu. Hakujua. Alikuwa amelitupa neno lile, akarudi dukani kwake kuuza leso, wala hakuwahi kugeuka kutazama limemwangukia nani. Nilidhani nimemchukia vya kutosha. Nikagundua kwamba bado.

Mama akaondoka pale paziani. Tulisikia kandambili zake zikipanda ngazi.

Majirani wale hawakungoja hata Jumapili. Kila mmoja kwa wakati wake alikwenda kuliondoa neno lake. Mmoja aliniambia, "Siwezi kumdhamini mtu aliyetaka kupiga bunduki katikati ya Mji wa Kale." Leseni ya ami ikakwama palepale kwa mdomo wake mwenyewe. Akanijia, safari hii bila mihogo, akaniomba nimngoje atafute wengine wa kumsemea. Hata mama wa silaha alinishauri hivyohivyo. Alisema soko hili halina mwingine, nikimwacha huyu itakaa mpaka irudi kuwa udongo.

Nikamwambia yule mama anitayarishie karatasi za kuisalimisha kwa serikali ikatwe vipande.

"Utapata nini?" aliniuliza.

"Yeye hataipata."

Alinitazama, akavuta droo. Siku ya kutia sahihi sijui nani alimwambia ami, lakini alikuja, akagonga, akatazamwa kwa tundu, akafunguliwa. Bunduki ilikuwa mezani, imekunjwa kwenye bawaba yake, mitutu mitupu. Aliongeza bei mara moja, akaongeza tena. Nikawa naandika jina langu polepole, herufi moja moja, apate kuziona zote.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mwishowe. "Nisamehe mbele ya huyu mama."

"Msamaha wa mbele ya watu nimeuona wako," nilimwambia. "Wangu utaungoja."

Nikatia sahihi. Yule mama akaipangusa mara ya mwisho, ingawa hapakuwa na haja tena, akaifunika.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa ushindi. Mama alikuwa chumbani kwake. Nilimsimulia yote: mitutu, bei iliyopanda, uso wa yule mtu. Nilidhani atafurahi, au labda atanilaumu kwa kutupa pesa ambazo tungezihitaji. 

"Tangu azikwe sijamwombea," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza huku akiutazama mkono wake. Kila baada ya sala aliwaombea wazazi wake, akatuombea sisi watoto, na akifika kwenye jina la mumewe alikuwa akiliruka. Mchana na usiku, tangu yale maneno yalipomfikia. Hata kisomo cha arubaini wengine walipoinua mikono yeye aliiweka mapajani, chini ya mtandio, asionekane. Na tangu ile Ijumaa aliona haya hata kuanza.

"Siku za mwanzo za kaburi ndizo nzito," alisema. "Ndizo mtu anazomngojea mkewe. Nami nalimnyima, kwa bunduki ya kuchezea arusi."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Alishanyanyuka kutawadha. Akatandika mswala, akaelekea kibla wakati usio wa sala yoyote, nami nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Alimwombea yeye peke yake, bila wazazi, bila watoto, akilirudia jina lake kama anayemwita mtu aliye mbali, mpaka adhana ya magharibi ikamkatiza.